Isotopi za methani: jinsi gesi inavyotambuliwa ilikotoka

Ukichomeka kijiti kwenye tope la jaruba la mpunga katika bonde la Ruvu, si mbali na Bagamoyo, viputo hupanda na kupasuka juu ya maji. Ndani yake mna methani, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu ya yai viza tunayoisikia kwenye mikoko ni ya gesi nyingine, haidrojeni salfaidi. Kiputo kikishapasuka, methani yake huchanganyika na ile iliyocheuliwa na ng'ombe, iliyotoka dampo na iliyovuja kwenye visima vya gesi asilia. Swali ni namna ya kujua, baada ya mchanganyiko huo, kila fungu limetoka wapi.

Jibu la kwanza limo ndani ya gesi yenyewe. Isotopi ni atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito kwa sababu idadi ya nyutroni katika viini vyake si sawa. Katika kila atomu 100 za kaboni, takriban 99 ni kaboni-12 na moja ni kaboni-13, iliyo nzito kidogo. Vijidudu vinavyotengeneza methani kwenye tope na tumboni mwa ng'ombe hutumia kaboni nyepesi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo gesi yao huwa na upungufu wa kaboni-13 wa takriban sehemu 60 katika kila 1,000, ukilinganishwa na kipimo rejea cha kimataifa. Methani ya visima na migodi ya makaa ya mawe hupungukiwa kwa wastani wa sehemu 44 hivi, na ile ya moto wa nyika na misitu kwa sehemu 20 na ushei tu.

Tarakimu hizi ni wastani, na hapo ndipo inapotakiwa hadhari. Nyasi nyingi za nchi za joto, kama yalivyo mahindi na miwa, hujenga miili yao kwa njia inayobakiza kaboni-13 nyingi zaidi, hivyo ng'ombe anayezila hutoa methani nzito kuliko ng'ombe wa malisho ya Ulaya. Anayetumia vipimo vya huko kukadiria methani ya mifugo wetu atakosea, na kosa hilo si dogo.

Hewa nayo huigeuza alama hiyo ya kaboni-13. Methani hudumu angani kwa takriban miaka tisa, kisha huharibiwa, hasa na haidroksili, chembe tendaji ya oksijeni na haidrojeni iliyomo hewani, ambayo huwahi kuivunja ile nyepesi. Inayobaki huwa nzito kuliko ilivyotoka chanzoni, na mtafiti lazima arekebishe tofauti hiyo kabla ya kutaja chanzo chochote. Baada ya kutulia tangu mwaka 1999 hivi, kiwango cha methani kilianza kupanda tena mwaka 2007, huku sehemu ya kaboni-13 ikishuka. Wengi wameona humo dalili ya ongezeko kutoka ardhioevu, mifugo na taka, ingawa kupungua kwa nguvu ya haidroksili kunaweza pia kueleza sehemu ya mabadiliko hayo.

Isotopi, basi, hutaja aina ya chanzo; mahali pake hutajwa na upepo. Mvuvi wa Bagamoyo akisikia harufu ya moshi hutazama kwanza upepo unakotoka, na modeli ya angahewa hufanya kazi hiyo kwa hesabu: huchukua kumbukumbu za pepo, hufuata hewa iliyopimwa kurudi nyuma siku kwa siku, kisha hurekebisha makadirio ya vyanzo mpaka yalingane na vipimo. Katika pwani yetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kaskazi huleta hewa ya nusu ya kaskazini ya dunia, yenye methani nyingi zaidi, ilhali kusi huleta ile ya kusini. Chupa mbili zilizojazwa hewa ufukweni pale pale, moja Januari na nyingine Julai, zinabeba habari za pande mbili za dunia.

Setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, huonyesha wingi wa methani karibu kila mahali, lakini haipimi kaboni-13. Kwa kipimo hicho, chupa ya hewa bado inahitaji mtu wa kuijaza na kuandika siku, saa na upepo uliokuwa ukivuma, na katika nchi za joto vituo vya kazi hiyo bado ni vichache mno.