Kuhamisha watu Discord sio kujaribu

Mtu akiniambia tena ati mradi wake wa programu huria umelala na dawa ni kuhamisha mazungumzo Discord, ile apu ya chati, nitamtumia hii linki nirudi kwa kodi yangu, yaani yale maagizo ya programu ninayoandika. Hiyo maneno nimeisikia hapa Kisumu, nimeisikia Eldoret, kila semista kuna grupu ya wanafunzi inaileta upya, na kila mara wanamalizia na "si tujaribu tu, kwani tutapoteza nini?"

Mtapoteza watu. Na mtapoteza sababu za kodi yenu kuandikwa venye imeandikwa.

Kwanza, apu mpya haiamshi mradi. Kernel ya Linux, kile kiini cha mfumo wenyewe, mpaka leo inaenda na pachi (marekebisho ya kodi) zinazotumwa kwa barua pepe na hakuna mtu anasema imelala. Git yenyewe, chombo cha kutunza historia ya kodi, ilizaliwa Aprili 2005 kwa sababu ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo walichokuwa nacho, iliondolewa, na Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa chini akaandika yake. Shida ilikuwa inajulikana. Wewe yako ni gani? Kama pull rikwesti (maombi ya kuingiza mabadiliko) zinakaa miezi bila mtu kuzipitia, Discord haitazipitia.

Sasa hapa kwa kujaribu ndio naomba tuelewane. Jaribio liko na swali, liko na tarehe ya kuisha, liko na mtu amekubali kurudisha vitu mahali vilikuwa likikataa. Ile kitu watu hufanya ni kufungua seva Ijumaa jioni, kutupa linki, wale watatu waongeaji wanahama na wengine wote wanabaki wakiuliza maswali yanayojibiwa kwingine. Ni kuhamisha kibanda chako cha soko la Kibuye usiku halafu asubuhi ushangae wateja wameenda wapi. Mozilla, wenye Firefox, walipotaka kutoka IRC, chati ya zamani, 2019, waliweka apu nne za chati, Mattermost, Matrix, Rocket.Chat na Slack, watu wazijaribu watoe maoni, wakachagua Matrix, na IRC yao ikazimwa Machi 2020 kila mtu akiwa ameambiwa mapema. Wale wa lugha ya programu ya Python nao walipopeleka isyu zao (ripoti za bagi na maombi) GitHub, tovuti ya kuweka miradi ya kodi, Aprili 2022 walibeba na zile za zamani. Kubeba za zamani ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo hakuna anayeitaka.

Hiyo ya zamani ndio inanikasirisha kabisa. Slack ya bure, tangu Septemba 2022, inakuonyesha siku 90 tu za nyuma, na tangu Agosti 2024 wanafuta kabisa kilichopita mwaka mmoja. Discord inaweka lakini ukitafuta kwa Google huoni kitu, ni mpaka uwe ndani. Basi kijana mpya anakuja, anakuta fankisheni imezungushwa kwa njia ya ajabu, anapiga git blame kuona nani aliandika huo mstari, anapata komiti (badiliko lililohifadhiwa) imeandikwa "kama tulivyokubaliana kwa chati", na chati haiko. Kwa nia safi anainyoosha, mnamerji (mnaiingiza kwa mradi), halafu kliniki fulani inaamka tarehe za wagonjwa zimerudi nyuma siku moja, kumbe ule mzunguko wote ulikuwa unachunga ile tofauti ya masaa matatu kati ya saa zetu na UTC, saa ya kimataifa. Kodi ilikuwa wazi kwa kila mtu, sababu yake ndio ilikuwa imefungiwa.

Na huku kwetu haya si ya kufikiria tu. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo KenyaEMR, mfumo wa rekodi wa vituo vya afya vya Kenya, imejengwa juu yake, ilianza 2004 kati ya watu wa taasisi ya Regenstrief kule Indiana, Marekani, shirika la Partners In Health na mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, na Eldoret wakaanza kuitumia 2006. Developa wa Eldoret akiuliza swali saa tatu asubuhi, Indianapolis ni saa saba ama saa nane ya usiku. Kwa chati swali lake litafunikwa kabla hao waamke, kwa thredi, ambapo kila swali liko na majibu yake pamoja, watalikuta palepale. Na sijasema afisa wa rekodi wa Bondo anayeripoti bagi kwa simu, bando inaisha, mvua inanyesha stima inaenda. Barua pepe anaandika bila mtandao, inatoka mtandao ukirudi.

Lakini WhatsApp inanisumbua. Kwa haya yote nimesema ningefaa kuikataa, ila huku ndiko wageni huuliza yale maswali wanaogopa kuuliza hadharani, na bando yake ni rahisi. Ukiwalazimisha waende kwa isyu wananyamaza. Kwa hivyo tunaongea huko, na hakuna kitu kimeamuliwa mpaka aliyeuliza aandike jibu kwa isyu. Wengine wanaandika, wengine naandika mimi usiku, na sijui kama hiyo itadumu nikichoka.

Kupima pia ni ngumu kuliko watu wanavyosema. Wingi wa meseji unadanganya, zinaweza kupungua kwa sababu maelezo ya mradi yamekuwa mazuri. Mimi naangalia nani ameleta pachi ya kwanza akarudi na ya pili, na kwa mradi mdogo hao ni watu wa kuhesabu kwa vidole, mmoja akipata kazi Nairobi hesabu yote imeharibika.

So ukitaka kuleta apu mpya kwa repo (hifadhi ya kodi ya mradi) ninayosimamia, karibu, fungua isyu. Andika swali lako, tarehe ya kuisha, na jina la mtu atakayekuwa ananakili maamuzi kurudisha kwa repo. Jina likikosa naifunga siku hiyohiyo.