Ukikosea kalibu, kosea upande wa chuma kingi

Nikisema kazi yangu ni kubuni kalibu, jirani zangu hapa Amani hudhani nakereza vitanda. Siwalaumu, Unguja mkereza anajulikana, mimi sijulikani. Basi huwaonesha chuma cha vitumbua. Kile ni kalibu. Tazama vishimo vyake: juu vipana, chini vyembamba. Vingesimama wima kama kopo, kitumbua kisingetoka kizima. Nami kwenye kalibu ya kifuniko cha plastiki naweka mteremko huohuo, ila mdogo, nyuzi 1 hivi. Bila hivyo kifuniko hung'ang'ania chuma na kutoka na mikwaruzo.

Kinachoumiza kichwa zaidi ni kusinyaa. Plastiki huingia kalibuni imeyeyuka, ikipoa hupungua, na kila aina ina kiwango chake. Plastiki iitwayo ABS hupungua kama asilimia 0.5, ile ya polipropilini hufika 1.5 na hata kuzidi. Kwa hiyo kalibu huchorwa kubwa kuliko kitu chenyewe.

Somo hili nimelilipia. Mteja aliniletea sampuli ya kifuniko cha kubana, ya ABS, upana wa ndani milimita 38. Nikachora 38.19. Kalibu ikachongwa, ikang'arishwa, halafu mwenyewe akatia polipropilini kwa kuwa ilikuwa rahisi sokoni. "Si plastiki hiyohiyo, fundi?" Vifuniko vikatoka 37.62. Ukikiweka kwenye chupa, kinakaa juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu.

Sasa, kalibu ina shimo linalotoa umbo la nje na kiini kinachotoa umbo la ndani. Shimo likiwa dogo si tabu, unalikwangua linapanuka. Kiini kikiwa chembamba umekwama, maana chuma hupunguzwa, hakiongezwi. Kuchomelea kupo, lakini chuma kilichokwisha kutiwa ugumu huweza kupasuka kwa joto lile, na alama ya weldi ikabaki kwenye kila kifuniko. Shimo tulilikwangua. Kiini tulikitupa, tukaanza kingine.

Tangu siku ile shimo nalichora dogo kidogo kuliko hesabu, kiini kinene kidogo. Tunatoa vifuniko vya majaribio, tunavilaza hadi kesho yake (polipropilini huendelea kusinyaa hata ikishapoa mkononi), tunapima kwa maikromita, ndipo tunapunguza chuma. Na habari ya "plastiki gani" siitaki tena kwa mdomo. Naomba niletewe gunia lenyewe nisome.

Kuna na hii hewa yetu ya chumvi. Kalibu iliyong'arishwa, ukiigusa leo kwa kidole chenye jasho, kesho alama ya kidole imekuwa kutu, na kutu hiyo itajichapa kwenye kila kifuniko. Masika ndiyo usiseme. Kila jioni kabla ya kufunga karakana tunazifuta zote na kuzipaka mafuta. Kijana akisahau, asubuhi yake anaanzia kwenye msasa.