Kulisha mimea hewa ukaa: maana yake nini?

Kausha kilo moja ya nyanya mpaka maji yote yaishe, utabakiwa na gramu 50 au 60 hivi za kitu kikavu. Kilichotoka udongoni humo ni kidogo mno. Kingi kimetoka hewani: ni ile hewa ukaa, ambayo vitabu vya sekondari huiita kabonidayoksaidi. Jani huivuta kupitia vitundu vyake vidogo na kuigeuza sukari kwa nguvu ya jua.

Hewa hiyo nje ni haba. Katika kila sehemu milioni moja za hewa, zake ni kama 420 tu, na kabla ya zama za viwanda zilikuwa 280 hivi. Nyanya, tango, pilipili hoho na waridi wana uwezo wa kula zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkulima wa kitalu nyumba akiingiza gesi hiyo kwa makusudi, mara nyingi hadi 800 au 1,000, tunasema anailisha mimea hewa ukaa. Mengine yakiwa sawa, mavuno kupanda kwa asilimia 20 au 30 si ajabu.

Cha kushangaza ni kwamba kitalu kilichofungwa kinaweza kuwa na njaa ya hewa kuliko shamba la wazi. Usiku mimea hupumua kama sisi, na alfajiri kipimo husoma juu ya kile cha nje. Jua likichomoza majani yanaanza kazi. Ikifika saa nne asubuhi, madirisha bado yamefungwa, kipimo kinaweza kuwa kimeshuka chini ya 300, na mimea imepunguza mwendo ingawa jua ni kali na maji yapo. Kufungua dirisha tu ni nusu ya tiba.

Hapo juu nimesema "mengine yakiwa sawa", na hapo ndipo wengi hukosea. Mmea huenda kwa mwendo wa kile kilichopungua zaidi. Sebule iliyofungwa madirisha na kujaa wageni hupita 1,000 kwa urahisi, maana pumzi tunayoitoa ina hewa ukaa kama asilimia 4. Mbona basi ua la kwenye kopo pale pembeni ya kabati halirefuki? Lina giza. Ulipulizie upendavyo, bila mwanga hiyo gesi haina wa kuila. Mahindi, mtama na miwa nayo haifaidiki sana, kwani majani yake yana mtambo wa ndani unaokusanya gesi hiyo tangu zamani.

Gesi yenyewe hutoka wapi? Uholanzi, tangu 2005, bomba huichukua kutoka viwanda vya eneo la Rotterdam na kuipeleka kwenye vitalu nyumba. Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian lilitumia kisima cha mvuke wa ardhini: joto lake kupasha vitalu vya waridi usiku na kukausha unyevu unaoleta ukungu, na hewa ukaa inayopanda na mvuke huo kulisha maua. Wengine huchoma gesi ya kupikia ndani ya kitalu. Hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu moto usioungua vizuri hutoa ethilini, nayo hata ikiwa kidogo sana hukunja majani ya nyanya na kuangusha maua. Jiko la mkaa ndiyo usijaribu kabisa. Litakuua wewe kabla ya wadudu.

Na hewa ukaa yenyewe si ya mchezo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni. Watu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku: huvuja ardhini, hujaa kwenye mashimo, na mbuzi au mtoto anayeteremka humo hafiki mbali. Kazini, kikomo cha kawaida kwa zamu ya saa 8 ni 5,000.

Kwa vitalu vyetu vingi vya Pwani na Morogoro, vyenye kuta za neti, kununua mtungi wa hewa ukaa ni kuuza pesa kwa upepo. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi, kwa hiyo kufunga kitalu kuna maana. Kule kwetu joto linataka kila upande uachwe wazi, na upepo unaoingia umeshabeba 420 zake bure.