Samaki wa sushi si lazima awe amevuliwa leo

Wengi huamini kwamba kwenye mikahawa ya hadhi ya juu ya sushi, chakula cha Kijapani cha wali na samaki asiyepikwa mara nyingi, kule Tokyo, samaki huvuliwa alfajiri na kuliwa siku hiyohiyo, na kwamba kadiri alivyovuliwa karibuni ndivyo anavyonoga. Imani hii ina msingi, kwani samaki aliyeanza kuoza hafai kabisa.

Ila mtindo wa sushi wa Edo, jina la zamani la Tokyo, ulishamiri karne ya 19, kabla ya majokofu. Wapishi walitia samaki chumvi na siki, au waliloweka minofu kwenye sosi ya soya. Mbinu hizo zimebaki kwa sababu ya ladha. Kohada, samaki mdogo mwenye ngozi ya rangi ya fedha na madoa meusi, hukolezwa chumvi kisha siki kabla ya kuwekwa juu ya wali. Jodari mkubwa hutunzwa kwenye baridi siku kadhaa: protini huvunjika, nyama hulainika, ladha hukolea. Akiliwa mapema mno, mara nyingi huwa mgumu na ladha yake hafifu.

Ukikaa kaunta, muulize mpishi kwa adabu jodari wake ana siku ngapi. Ni swali la kawaida.

Kuhusu usalama, macho hayatoshi. Minyoo ya anisakis huweza kuwemo hata kwenye samaki wa leo, na siki haiui. Kugandisha kwa nyuzi -20 za Selsiasi kwa siku 7 huiua. Linganisha na mwongozo wa usalama wa chakula wa nchi uliko.