Wanaume wapenzi wa jinsia moja China: yanayosemwa na ukweli wake

"Mambo haya yameletwa na Wazungu." Hata Wachina wapo wanaosema hivyo, ila Kichina chenyewe kinawakanusha. Tangu zamani mapenzi haya yanaitwa "mkono wa nguo uliokatwa". Inasimuliwa kuwa miaka 2,000 iliyopita Mfalme Ai wa nasaba ya Han aliukata mkono wa vazi lake ili asimwamshe kipenzi chake, Dong Xian, aliyekuwa ameulalia.

"Wanafungwa." Kosa la "uhuni" walilokuwa wakikamatiwa lilifutwa mwaka 1997. Ndoa yao ndiyo haitambuliwi China Bara.

"Wazazi wao wanawachukia tu." Hapa watu wanakosea sana. Mwanafalsafa Mencius alifundisha kwamba kati ya utovu wote wa adabu kwa wazazi, mkubwa ni kukosa kizazi. Sasa chukua familia iliyozaa mtoto mmoja kwa amri ya serikali, iliyodumu tangu karibu 1980 hadi 2015. Asipozaa huyo, ukoo umeishia hapo. Mama anayelia mara nyingi anawaza nani atamuuguza mwanawe uzeeni, na majirani watasemaje.

Ndiyo maana Mwaka Mpya wa Kichina ni mzito kwa wanaume hawa. Katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, waliooa hutoa bahasha nyekundu za pesa, wasiooa hupokea. Mwanaume wa miaka 38 anapokea bahasha pamoja na watoto wa shangazi zake, na kila bahasha inakuja na swali: "Mchumba yuko wapi?"

"Aoe tu, yataisha." Hayaishi, yanahamia kwa mtu mwingine. Wake wa wanaume hawa ni wengi kiasi cha kupewa jina lao, *tongqi*. Ni wanawake walioingia kwenye ndoa bila kuambiwa kitu, wakaishi miaka wakijiuliza wana kasoro gani. Kwangu hilo ni dhuluma, hata kama aliyeoa alisukumwa. Wengine huoana kwa makubaliano na wanawake wapenzi wa jinsia moja, ndoa ya kuonyesha wazee. Harusi ikipita, wazee wanaanza kuuliza mjukuu.

"Mzazi wa Kichina hawezi kukubali." Wu Youjian, mama wa Guangzhou, alisimama kwenye televisheni kumtetea mwanawe, na mwaka 2008 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la wazazi wenye watoto kama wake. Alifungua pia laini ya simu ya ushauri, na wazazi wenzake walipiga.