Ni lini hasa Wamarekani waliwapenda wahamiaji?

Jumamosi iliyopita, kwenye karamu ya harusi mjini Columbus, Ohio, nilimwamkia mzee mmoja wa kwetu, naye akanishika mkono asiuachie mpaka alipomaliza la moyoni: "Mwanangu, Wamarekani wamebadilika. Tulipoingia sisi, 1995, watu hawa walikuwa wakiwapenda wageni." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuchambua tafiti za maoni, pilau yote ilinipoa mbele yangu. Mwaka huohuo wa 1995, Gallup, kampuni ya kura za maoni, ilipowauliza Wamarekani kama uhamiaji uongezwe, ubaki ulivyo au upunguzwe, zaidi ya asilimia 60 walijibu upunguzwe. Tangu swali hilo lianze kuulizwa mwaka 1965, ni nadra mno kukuta wapunguzaji wengi kiasi hicho.

Historia ya kabla ya hapo nitaipita haraka. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alilalamika kwamba Wajerumani wangeigeuza Pennsylvania kuwa yao; katika miaka ya 1850 chama kilichosimama juu ya chuki dhidi ya Wakatoliki wa Ireland kilitwaa Bunge la Massachusetts; sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina; ile ya 1924 iligawa nafasi kwa kutumia sensa ya 1890, kabla Waitalia na Wayahudi wa Ulaya Mashariki hawajawa wengi, kusudi waambulie chache. Wajukuu wa haohao leo hujisifu kwamba babu zao "walifuata utaratibu", ilhali katika kisiwa cha Ellis, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, ambako waliorudishwa walikuwa karibu asilimia 2 tu, utaratibu kwa wengi wao ulikuwa kushuka melini, kukaguliwa macho na kujibu maswali machache.

Kinachonikera zaidi ni usomaji wa takwimu. Mwaka 2020 waliotaka uhamiaji uongezwe walikuwa asilimia 34 na waliotaka upunguzwe 28, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa waongezaji kuwazidi wapunguzaji. Mwaka 2024 wapunguzaji walipanda hadi 55, na 2025 wakashuka hadi 30. Tuamini kwamba taifa la watu zaidi ya milioni 300 limegeuza moyo mara mbili ndani ya miaka mitano? Swali lenyewe linahusu kiwango cha uhamiaji, wala halimwambii mhojiwa kiwango cha sasa ni kipi, kwa hiyo anayedhani wanaingia laki mbili kwa mwaka na anayedhani wanaingia milioni kumi hujibu "upunguzwe" kwa neno lilelile, nasi tunawajumlisha kana kwamba wamesema jambo moja. Isitoshe, katika utafiti uleule wa 2024, asilimia 64 walisema uhamiaji ni jambo jema kwa nchi. Jumlisha 55 na 64, uondoe 100: angalau watu 19 katika kila 100 walisema kwa pumzi moja kwamba ni jambo jema na kwamba lipunguzwe. Hao si wanafiki. Ni watu wa kawaida, na ndio ambao vichwa vya habari havina pa kuwaweka.

Lipo jambo ambalo sisi wa fani hii hulisema kwa sauti ya chini: hatuna hakika kama maoni ndiyo yanayobadilika, au hubadilika tu kile kinachomjia mtu akilini anapoulizwa. Wapo wanaosema umma hujibu kinyume cha serikali iliyopo, kama mtu anayezima feni akihisi baridi na kuiwasha tena joto linaporudi. Maelezo hayo yananivutia, na kwa sababu hiyohiyo nayatilia shaka, maana yanaeleza kila mpando na kila mshuko baada ya kutokea, lakini sijawahi kuyatumia nikabashiri hata mmoja.

Mzee hakuridhika na hesabu zangu, basi nikamsomea swali lenyewe, neno kwa neno. Akanyamaza, akauliza: "Wahamiaji gani?"

Nilimjibu kwamba dodoso halina nafasi ya jibu hilo.

"Basi andika upunguzwe," akasema, akavuta sinia.