Goti Bandia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huingia chumba cha upasuaji wakiamini kwamba goti lote hung'olewa. Ukweli ni kwamba daktari huondoa gegedu lililolika (lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) pamoja na tabaka jembamba la mfupa kwenye ncha za mfupa wa paja na wa muundi, kisha huzivika ncha hizo chuma na kuweka plastiki ngumu katikati ili zisisuguane. Misuli inayoliendesha goti hubaki ile ile ya mgonjwa, iliyokwisha kudhoofika kwa miaka ya maumivu, na ndiyo inayohitaji kufanyiwa kazi. Wanaosema goti bandia huchakaa baada ya miaka michache nao wamekosea, kwa kuwa mengi hudumu zaidi ya miaka 20.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba goti jipya lipumzishwe mpaka mshono upone. Wagonjwa wengi husimamishwa siku hiyo hiyo ya upasuaji au kesho yake, wakiwa na magongo au fremu ya kutembelea, kwa sababu mguu usiosogea hurahisisha damu kuganda kwenye mishipa, na donge hilo likifika mapafuni linaweza kuua. Makovu ya ndani nayo hukaza upesi, hata mkunjo usiopatikana katika majuma ya mwanzo huwa mgumu kupatikana baadaye.

Hapa ndipo huruma ya nyumbani inapodhuru bila kukusudia. Ndugu humwona mgonjwa akikunja uso, wakamwekea mto laini chini ya goti, naye akapata nafuu, maana goti lililokunjwa kidogo haliumi sana. Lakini likizoea mkao huo usiku baada ya usiku, hushindwa kunyooka, na mtu akabaki akichechemea. Mto uwekwe chini ya kifundo cha mguu, goti libaki hewani lijinyooshe kwa uzito wake, japo dakika hizo chache huuma kweli. Ndiyo maana si ushujaa kujinyima dawa za maumivu: zitumiwe kama daktari alivyoagiza, kwani aliyezidiwa na maumivu hawezi kukunja goti.

Uvimbe na joto la wastani si dalili kwamba mwili umelikataa goti. Huweza kudumu miezi kadhaa. Ganzi upande wa nje wa kovu huenda isiishe kabisa, na mlio mdogo wa chuma kugonga plastiki ni wa kawaida. Yasiyo ya kawaida ni usaha kwenye mshono, homa, wekundu unaotanda, au shavu la mguu linalouma na kuvimba, na kwa hayo daktari aarifiwe siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma au pumzi ikikatika ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.